Mkeka Chini ya Tundu

Ninaandika ili nisisahau, na sehemu ya haya nimekwisha kuyasahau. Niliyoyasahau amenisimulia Tumu, mtoto wa dada yangu, ameketi pale penye mche, akisema polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Nimeyapokea na kuyaweka mahali pake, na leo siwezi kukuonyesha lipi lilikuwa langu na lipi nililishwa. Usihangaike kuyatenga. Kwetu huku chini kila kitu hutufikia kikiwa kimepita kwa mwingine kwanza.

Hata mwanga. Jua lenyewe hatulijui. Tunasikia kwamba liko, juu ya majani ya juu kabisa, na kwamba majani yale huumwa nalo kwa wingi wake, kama mtu aliyevimbiwa. Chini yake yapo majani ya katikati, nayo hutafuna yaliyoachwa. Chini ya hayo yapo mengine, mapana na membamba kama ngozi ya kitunguu, yamejitandaza kukinga makombo. Kinachotufikia sisi ni maji ya kusuuzia mchele: yana rangi ya kitu, hayana kitu. Ndani ya kijani hicho tunapika, tunaoa, tunagombana. Macho yetu ni makubwa. Sauti zetu ni ndogo. Mgeni akija hudhani tumo kwenye swala.

Mara chache, upepo ukisukuma tawi fulani huko juu, doa la mwanga hudondoka. Doa moja, upana wa sinia, la manjano, lenye joto. Hutambaa juu ya ardhi, likapanda ukuta, likapita juu ya mgongo wa mbuzi, likazimika. Watu wetu huyajua madoa kama wengine wanavyojua njia za maji. Dada yangu Siwema aliyajua kuliko wote. Alikuwa akiacha chungu kinachemka, anakuja mbio, ananishika sikio la kushoto na kunivuta.

"Sogea, mwanga unapita."

Ananiketisha katikati ya doa, ananigeuza uso kama mtu anayeanika samaki, na yeye mwenyewe anasimama pembeni, gizani, akitazama. Doa likisogea, ananisogeza. Likizimika, ananiachia sikio na kurudi jikoni. Hakuna siku aliyoingia yeye.

Nilichelewa sana kujiuliza kivuli kile kilikuwa cha nani.

Kwetu mtu hana miaka. Kitovu chake huzikwa, juu yake hupandwa mti, na mti ule ukipata mwanga, yeye anakua, ukikosa, anasubiri. Mwenye mti uliotoboa paa la msitu huwa mtu mzima kwa misimu michache. Mwenye mche uliobaki gizani hubaki mtoto, hata kama aliozaliwa nao wamekwisha kuzikwa na miti yao kuoza ikaota uyoga. Hatuulizani una umri gani. Tunaulizana, umepata mwanga kiasi gani? Siwema alipata mwingi. Mti wake ulikuwa mkangazi, ulitoboa paa kabla sijazaliwa, ukatandaza kichwa chake juu ya nyumba yetu yote, juu ya mti wangu mimi mdogo wake, juu ya mche wa Tumu mwanawe. Chini ya kichwa kile tulipata hifadhi ya mvua na ya upepo. Chini ya kichwa kile hatukukua. Tumu ameishi zaidi ya wenye mvi wengi wa hapa, na mikono yake ilikuwa ya msichana mdogo. Mimi watu hawakuniita kwa jina. Waliniita Mdogo wa Siwema, nami nikaitika mpaka jina langu likanyauka lenyewe.

Alitupenda. Mkono uliotuvuta kwenye doa na kichwa kilichozuia jua vilikuwa vya mtu mmoja. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na sijui nilishike wapi.

*

Siku dada yangu alipokufa mti wake ulianguka. Au mti ulianguka naye akafa. Kwetu ni tukio moja lenye sauti mbili, na mimi nilisikia sauti zote mbili nikiwa nimeinamia kisima. Kwanza mlio kama kitambaa kipana kinachochanwa. Kisha kimya. Kisha Tumu akiita, "Mjomba!"

Niliporudi, nyumba yetu ilikuwa imejaa kitu nisichokijua. Kilikuwa cheupe. Kilikuwa kimelala juu ya vyombo, juu ya mkeka, juu ya miguu ya dada yangu aliyelala. Nilitaka kukifagia. Ndipo ngozi ya mikono yangu ikaanza kuwasha nikafahamu kwamba ni mwanga, na kwamba unatoka kwenye tundu alilokuwa amelijaza yeye.

Mti mkubwa ukianguka, kwetu hatushangilii mwanga. Tunauogopa kwanza. Mche uliokulia gizani una majani ya giza, na ukimwagiwa jua lote kwa mkupuo hubabuka. Jirani yetu Kibwana, baba yake alipokufa, alikuwa na haraka ya kumwona mwanawe anakua. Hakuweka mkeka. Majani ya mche wa mtoto yakawa meupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na mtoto akalala, hakuamka. Ndiyo sababu tuna mkeka wa matanga. Unashonwa kwa kili nyingi, misuko myembamba ya ukindu, unatandazwa juu ya vijiti vinne, mche ukiwa chini yake. Kisha kaka au mdogo wa marehemu, yeye peke yake, hufumua ukili mmoja, anangoja majani yazoee, anafumua mwingine. Mwanga unaingia kwa mistari. Ukili wa mwisho ukitoka, matanga yameanuliwa. Mkono wa mwingine haugusi. Anayefumua mkeka wa mwenzake, wanasema, amemchukulia maiti wake.

Na kuna mwiko mmoja zaidi. Mfiwa hatazami juu. Mpaka matanga yaanuliwe, macho yake hayapandi kwenye tundu. Wazee walisema marehemu bado anatoka kupitia pale, na si adabu kumtazama mtu anapojipenyeza.

Kwa hiyo niliketi. Kichwa chini, mkeka mbele yangu, na chini ya mkeka mche wa Tumu, urefu wa goti, uliongoja tangu kabla ya mambo mengi. Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kwa maneno. Tundu halidumu. Miti ya pembeni huinamia penye nafasi, kila mmoja ukinyoosha mkono, mpaka paa lijishone tena. Kabla ya hapo mche uwe umefunguliwa na kuchukua njia yake. Ukichelewa, basi. Mche ambao haujawahi kuona mwanga unaweza kusubiri milele. Ulioonja mwanga ukafungiwa hausubiri tena. Unakufa. Na Tumu naye.

Nilifumua ukili wa kwanza. Wa pili. Kadhaa vizuri, kama inavyotakiwa. Tumu alikuwa anakuja asubuhi, anajichungulia mikono yake, anacheka. "Mjomba, tazama, kidole hiki kimezidi pete."

Kisha nikaacha.

*

"Leo vipi, Mjomba?"

"Kesho. Majani bado laini."

"Jana pia yalikuwa laini."

"Unamkumbuka mtoto wa Kibwana?"

"Namkumbuka. Basi kesho."

Sikuwa ninadanganya. Majani yalikuwa laini kweli. Lakini nilikuwa nimegundua jambo jingine, na hilo sikulisema. Chini ya mkeka, mahali ambapo kili zilikuwa bado zimeshikana, kijani kilikuwa kilekile cha zamani. Kivuli kilekile. Nikiinamisha uso hapo, Siwema alikuwa hajaanguka. Na nilipoketi karibu na kivuli kile alinijia mzima mzima: namna alivyoita kuku kwa kupiga ulimi, kisigino chake cha kulia kilichopasuka, namna alivyokuwa akisema "haya" akimaanisha hapana. Vitu ambavyo sikuwahi kuviwaza akiwa hai viliota ndani yangu kimoja baada ya kingine, vikanenepa, vikachipua vingine. Nilikuwa namkumbuka kwa bidii ya mtu anayelima. Ukili wa mwisho ukitoka, niliwaza, itabidi niinue macho nione mahali asipokuwepo.

Niliona hiyo kuwa heshima. Wengine wanakimbilia mwanga wa maiti wao. Mimi siutaki. Je, anayekua kwa nafasi ya aliyekufa si mwizi? Nilijiuliza hivyo kila siku na kila siku nikajijibu kwa kubaki nimeketi.

*

Mtani wetu Mloka alikuja kama watani wanavyokuja, kwa kelele.

"Hodi wenye msiba! Nimekuja kuhakikisha amekufa, nisije nikalia bure."

"Karibu, mtani."

Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda cha Siwema, akakikalia, akakunja nne. "Hiki changu sasa. Nilikiomba miaka yote akaninyima. Na akatae tena leo." Tumu alijiziba mdomo asicheke. Ndiyo kazi ya mtani: kumtukana marehemu mpaka wafiwa wakumbuke kwamba wana meno.

Akanigeukia. "Na wewe, Mdogo wa Siwema. Kanzu hiyo ni yako au umemvua mtoto?"

"Imefuliwa, imeruka."

"Imeruka! Na kichwa je, nacho kimefuliwa? Maana nilikuacha unapita chini ya kamba ya nguo, leo umeingia umeziangusha zote."

"Kamba imelegea."

"Naam. Kamba imelegea, kanzu imeruka, mlango umeinama. Nyumba yote ina matatizo isipokuwa wewe." Akacheka, nami nikacheka. "Matanga yamekupenda, mtani. Wenzako wakifiwa wanakonda."

Alikuja kila siku baada ya hapo, na kila siku alikuwa na neno. Kwamba sauti yangu imekuwa nene, nimemeza ngoma? Kwamba nikiketi sasa naleta jioni. Nilicheka. Tumu hakucheka tena; alitazama chini. Mara moja Mloka aliacha ghafla, akakunja midomo, akapuliza. Fuu. Hewa tupu.

"Unasikia? Nilikuwa napiga mluzi, ndege wanajibu. Upepo ukanivunja tawi moja, mluzi ukaenda nalo. Tawi moja tu, mtani. Najua nilikuwa najua. Kujua kwenyewe ndiko hakupo." Akapuliza tena. Fuu. "Kwa hiyo usiniambie kuhusu kusahau. Hakuui."

"Sitaki kumsahau."

"Nani kakwambia usahau? Nimekwambia fumua."

"Kesho."

*

Kisha Tumu akaanza kulala mchana.

Kwanza kidogo, akiegemea ukuta. Kisha mpaka chakula kipoe. Alipotembea alipinda upande, bega moja likitangulia, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya mlango. Pete ilirudi kucheza kidoleni. Nilimwuliza anaumwa wapi akasema haumwi popote, ana kiza tu.

Niliingia chini ya mkeka kuutazama mche. Nililala kifudifudi, uso wangu karibu na shina lake. Lilikuwa limepinda. Limeacha kwenda juu, limekwenda ubavu, likiutafuta ufa mwembamba kati ya ukili na ukili, na majani ya chini yalikuwa yamedondoka. Nililala pale. Sijui kwa muda gani. Chini ya mkeka hakuna muda; palikuwa na mche tu, ukijiuliza na kujijibu.

Nani anasubiri hapa.

Mimi ndiye ninayesubiri. Nimesubiri tangu kitovu. Juu yangu pana mtu. Mtu huyo ananipenda. Ninajua ananipenda kwa sababu mvua hainipigi. Sijui mvua.

Nani yuko juu.

Kwanza alikuwa juu Siwema. Siwema ameondoka. Kwa nini basi bado pana mtu juu.

Ni mkeka.

Mkeka una mistari. Kati ya mistari palikuwa na mwanga. Nimeinamia ufa, nimefika kwenye ufa, nimeweka jani langu la mwisho kwenye ufa. Hamna kitu. Nyuma ya mkeka pana kitu kingine.

Mjomba, nani yuko juu.

Nilitoka chini ya mkeka kwa magoti. Mloka alikuwa amesimama uani, na kwa mara ya kwanza hakuwa amekikalia kigoda. Mkononi alikuwa na panga, ameliinamisha, kama mtu aliyelileta bila kusema ameleta nini.

Sikumngoja aseme. Nilifumua ukili. Vidole vyangu vilikuwa vinene, uzi ukawa unanikwepa. Nilifumua mwingine. Nikavunja desturi ya kungoja, nikafumua zote zilizobaki, moja kwa moja, huku nikimwomba mtoto wa Kibwana radhi, nikiwaza: utababuka, lakini utaona. Ukili wa mwisho ulitoka. Nilifumba macho nikangoja joto shingoni.

Halikuja.

Nilifumbua macho. Mche ulikuwa wazi, umepinda, na uani palikuwa na kijani kilekile. Maji ya kusuuzia mchele. Matanga yalikuwa yameanuliwa. Nikainua uso.

Tundu halikuwepo. Mahali alipokuwa Siwema palikuwa na kichwa cha mti, kipya, kipana, kimeziba kila mahali. Majani yake yalikuwa mazito, yanang'aa kwa shibe. Machipukizi yake mekundu yalikuwa bado yanasogea pembeni, yakifunga mianya ya mwisho. Sijaona mti uliokula namna ile.

"Mti wa nani ule?"

Tumu alikuwa ameketi kizingitini, kichwa kwenye goti.

Mloka alisema bila utani, na sauti yake bila utani ilikuwa ya mzee nisiyemjua. "Wako."

Nilifuata shina kwa macho kutoka juu mpaka chini. Lilishuka pale nyuma ya jiko, mahali kilipozikwa kitovu changu, mahali ambapo maisha yangu yote palikuwa na mti mwembamba kama mpini. Nilikuwa nimeketi na kichwa chini. Nilikuwa nimekataa mwanga. Na kila nilipomkumbuka nilikuwa naota tawi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilikwambia," alisema Mloka. "Nilikwambia kila siku. Ukacheka."

"Na wewe, Tumu?"

"Mjomba, mfiwa haambiwi amekua." Hakuinua kichwa. "Ni kama kumwambia amefurahi."

*

Mti wa mtu haukatwi na mkono wa mwingine. Mloka alinifunga kamba kiunoni na kunipa panga. "Kata yaliyoota baada ya msiba tu," alisema. "La chini lile la zamani liache, lilikuwa la kwako tangu kivulini." Kisha, kwa kuwa mtani hawezi kukaa muda mrefu bila kuwa mtani: "Na usianguke. Nitalazimika kukulia, na leo sina machozi, nimeyamalizia kwa dada yako."

Nilipanda. Kadiri nilivyopanda joto liliongezeka, na nilipofika kwenye kichwa niliona kwa mara ya kwanza mahali ambapo Siwema alikuwa ameishi. Hapakuwa na kijani. Palikuwa na bluu, tupu, haina mwisho, na mwanga ukinipiga kutoka kila upande kama watu wanaopiga kelele. Nilifahamu kwa nini hakuwahi kuingia kwenye doa. Alikuwa na huu. Alikuwa na huu wote, kila siku, peke yake, na akishuka alituletea sinia.

Sikumkasirikia. Nilitaka kumwambia kwamba nami nimekuwa hapa, sikujua, nimeketi mahali pako nikidhani nakulilia.

Nilishika tawi la kwanza na mkononi mwangu likajaa. Lilikuwa ni kule kuita kuku. Mlio wenyewe, ulimi ukigonga kaakaa, asubuhi, mtama ukimwagika. Nililia kidogo. Kisha nikapaza sauti chini kupitia majani:

"Tumu! Alikuwa anaita kuku hivi!" Nikapiga ulimi. "Umesikia?"

"Nimesikia!"

"Rudia!"

Akarudia. Hafifu, lakini ndiyo yenyewe. Nikakata. Tawi likaenda, likivunja mengine, na mimi nikabaki nimeshika panga, mdomo wazi, nikishangaa kwa nini mtu aliye chini yangu anapiga ulimi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Nilishika, nikaona, nikapaza sauti, nikangoja aseme amepata, nikakata. Kisigino. Neno "haya." Tawi la nne Tumu anasema lilikuwa la usiku niliougua surua na mtu akaniimbia, anaujua wimbo, ameniimbia, ni wimbo mzuri. Kuna tawi moja nilipaza sauti upepo ukapita, naye hakusikia, na panga lilikuwa limekwisha kushuka. Hilo hakuna aliye nalo. Nimeacha nafasi yake hapa:

 

Mloka naye chini hakusimama. Alikuwa anazikusanya kili nilizozimwaga, anazitandaza mojamoja juu ya vijiti vinne, kwa mwachano, ili mwanga ukifika usimbabue Tumu. Mwiko wa mkeka haumhusu mtani. Mtani hana adabu, ndiyo maana hufaa.

Lilibaki moja, nene kuliko yote, limelala katikati ya tundu. Nililikalia karibu na shina. Lilikuwa na jina lake. Nililishika muda mrefu. Nilijua kwamba nikilikata kila kitu kingine nilichobakiza kitakuwa hakina mwenyewe. Niliwaza, labda mwanga uliopo unatosha. Nikatazama chini. Palikuwa na michirizi, na kati ya michirizi, mtoto mwenye bega moja mbele, ameinua uso, na doa linapita kando yake kwa upana wa kiganja. Halimfikii.

"Tumu!"

"Mjomba!"

"Siwema!"

"Nimelipata!" Alisema haraka, kama anayedaka kitu kinachovunjika. "Nimelipata, Mjomba. Siwema. Teremka sasa."

Nikakata. Mwanga ulinipita kama maji yaliyofunguliwa, ukaenda chini, na sikujua ulikuwa unamwendea nani. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimeuzuia.

*

Sasa kanzu yangu inaburura. Mlango umenyooka, kamba ya nguo imekaza. Mloka anasema nyumba imepona. Mche uliponyooka ulibaki na kona pale chini, mahali palipopindia, nao umepita urefu wa paa la jiko, umepita kamba za msitu zilizoudandia, umeipita na ile miti ya haraka iliyoota kwenye joto la tundu na kuanza kufa. Tumu ana mikono ya mwanamke. Jioni, akimaliza kazi, huketi na kunisimulia habari za mama yake. Jina la mwanamke huyo nimeliandika hapa mara nyingi, kwa namna alivyonitajia. Nikilisoma halinitazami. Ninaposikiliza habari zake namwonea huruma yule mdogo wake aliyekuwa akimlilia. Nataka kuuliza yuko wapi siku hizi, kama alipata nafuu.

Kivuli cha Tumu kimeanza kufika mlangoni kwangu. Nimekiona. Sijamwambia.

Leo nilikuwa nimeketi hapa uani naandika. Chungu kilikuwa kinachemka jikoni. Nikasikia mtu anakuja mbio kutoka nyuma, na kabla sijageuka nikashikwa sikio la kushoto na kuvutwa.

"Sogea, mwanga unapita."

Niliketishwa katikati ya doa. Nikageuzwa uso. Nikafumba macho, likanijia joto, na mkono ule nikaufahamu. Niliufahamu kabisa, ulikuwa wa mtu wa kabla ya Tumu. Nikafungua mdomo nimwite kwa jina lake, nikangoja jina lije, na doa likaanza kusogea.